Msala wa Nabii Hadhara: Mungu, Maumbile na Mwanadamu katika Fikra za Kidini Kisiwani Pemba

Ikisiri

Makala hii inafafanua uhusiano baina ya Mungu, maumbile na mwanadamu kama unavyojitokeza katika fikra za kidini kisiwani Pemba. Mfano unaotumika ni Misali, kisiwa kidogo kilichotangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998 na ambacho uhifadhi wake ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya mafundisho ya Kiislamu. Makala inachambua kisa cha asili ya jina la kisiwa hicho, dhana nne za kitheolojia zinazotawala mjadala huo, mvutano baina ya tauhidi na imani za mizimu, pamoja na hoja ya riziki ambayo mara nyingi hutumika kupinga makatazo ya uvuvi. Hoja kuu ni kwamba fikra za kidini za Pemba hazimweki mwanadamu juu ya maumbile wala hazimyeyushi ndani yake. Zinamweka katika nafasi ya mwekewa amana, na nafasi hiyo haiwezi kutenganishwa na swali la haki: nani anazuiwa, kwa ajili ya nani, na kwa mamlaka gani.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1967 mwanahistoria wa Kimarekani, Lynn White, alichapisha katika jarida la Science makala iliyozua mjadala ambao haujafungwa hadi leo. Alidai kwamba mizizi ya uharibifu wa mazingira haimo katika viwanda peke yake bali katika theolojia ya Kikristo ya Magharibi, ambayo kwa maoni yake ilimfundisha mwanadamu kwamba viumbe vingine vyote viliumbwa kwa ajili ya kumtumikia. Mwaka mmoja kabla yake, mwanafalsafa wa Iran, Seyyed Hossein Nasr, alikuwa ametoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Chicago akielekeza lawama kwingine. Kwake yeye, tatizo lilianza pale elimu ya maumbile ilipovuliwa utakatifu, mwanadamu akabaki anautazama ulimwengu kama ghala la malighafi. Kwa upande wa Afrika, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliupanga ulimwengu wa Mwafrika katika ngazi tano: Mungu, mizimu, wanadamu, wanyama na mimea, na vitu visivyo na uhai. Katika mpangilio huo, mwanadamu ndiye kitovu ambacho vingine vyote huelezwa kwa kukirejelea.

Mijadala hii ina uzito wake, lakini imejikita zaidi katika maandiko kuliko katika maisha ya watu wanaoyaamini maandiko hayo. Kwa mvuvi wa Wesha au Wambaa, swali la Mungu na maumbile huja kwa sura nyingine. Huja asubuhi ya maji ya bamvua anapoambiwa kwamba mwamba aliouvua baba yake na babu yake sasa umefungwa. Je, anayeufunga anatii amri ya Mungu, au anajitwalia mamlaka ambayo si yake? Je, samaki ni mali ya aliyemvua, ya serikali, ya kizazi kijacho au ya Muumba? Maswali haya ni ya kitheolojia, ingawa huulizwa pwani na si darasani.

Pemba ni mahali panapofaa kuyachunguza. Kisiwa hiki chenye wakazi zaidi ya nusu milioni kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022 kina jamii ambayo karibu yote ni ya Kiislamu, yenye mapokeo marefu ya elimu ya dini, na ambayo maisha yake hutegemea vitu viwili, yaani shamba na bahari.

Kabla ya kuendelea, istilahi mbili zinahitaji kubainishwa. Kiswahili kina maneno mawili yanayokaribiana ambayo mara nyingi huchanganywa: maumbile na mazingira. Mazingira hutokana na kuzingira. Ni vitu vilivyomzunguka mtu, hivyo neno lenyewe humweka mwanadamu katikati. Maumbile hutokana na kuumba. Neno hili limo katika ukoo mmoja na kiumbe, umbo na Muumba, na kila linapotamkwa hudokeza kwamba yupo aliyeumba. Anayesema mazingira anaanza na nafsi yake. Anayesema maumbile anaanza na Mungu, hata kama hakukusudia. Mwanadamu mwenyewe ni sehemu ya maumbile, kwani naye ni kiumbe. Tofauti hii ya kimsamiati inabeba ndani yake mjadala mzima unaofuata.

2.0 Misali: Kisiwa, Jina na Kisa

Misali iko umbali wa takribani kilomita 10 magharibi ya Chake Chake, katika Mkondo wa Pemba. Nchi kavu yake haifiki kilomita moja ya mraba. Kisiwa hakina maji ya kunywa ya uhakika wala kijiji cha kudumu, lakini kwa miaka mingi kimekuwa na dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi wanaokaa siku kadhaa kufuata samaki kabla ya kurudi majumbani. Miamba yake ya matumbawe ni miongoni mwa iliyo tajiri zaidi katika pwani ya Afrika Mashariki, na fukwe zake ni mahali pa kutagia kasa. Nchi kavu ina msitu, tumbili, kaa wa nazi, popo wa Pemba ambao hawapatikani penginepo duniani, na mapango ambayo watu huyahusisha na mizimu.

Jina la kisiwa huelezwa kwa kisa kinachojulikana sana Pemba. Inasimuliwa kwamba Nabii Hadhara, ambaye katika vitabu vya dini huitwa Khidhri, aliwatokea wavuvi kisiwani hapo na kuwaomba msala apate kusali. Wavuvi hawakuwa na msala. Nabii akawaambia kwamba kisiwa chenyewe, kwa jinsi umbo lake lilivyoelekea kibla, ni mithili ya msala. Hapo ndipo, kwa mujibu wa masimulizi, jina la Misali lilipopatikana. Jiografia haiko mbali na kisa hiki: Pemba na Makka ziko karibu katika longitudo moja, kwa hiyo anayesali Misali huelekea takriban kaskazini kamili.

Thamani ya kisa hiki kwa mjadala wa sasa haitegemei kuthibitishwa kwake kihistoria. Inategemea maana kinayoibeba. Msala ni kitu cha kawaida, mara nyingi mkeka wa ukindu uliosukwa kwa mkono, lakini ukishatandikwa kwa ajili ya swala hupata hadhi. Haukanyagwi kwa viatu, hauwekwi uchafu, wala hauachwi ukachanika ovyo. Hata hivyo msala hauabudiwi. Anayesujudu juu yake humsujudia Mungu, na msala hubaki kuwa mahali pa kusujudia. Kukiita kisiwa msala, basi, ni kukitofautisha na vitu viwili kwa wakati mmoja: na mali inayoweza kutumiwa hadi ikaisha, na mungu anayestahili kuabudiwa.

Aidha, kuchaguliwa kwa Khidhri si jambo la kupuuzwa. Jina hilo lina maana ya kijani, na katika hadithi za Mtume inaelezwa kwamba aliitwa hivyo kwa sababu alikaa juu ya ardhi kavu ikageuka kuwa ya kijani. Qurani haimtaji kwa jina, lakini wafasiri wengi wanamtambua kuwa ndiye mja mwenye elimu aliyekutana na Nabii Musa katika Surat al-Kahf. Kisa hicho cha Qurani kimejaa bahari. Kinaanza na samaki aliyechukuliwa kuwa chakula cha safari, akapata njia yake na kuingia baharini. Kinaendelea na chombo cha maskini waliokuwa wakifanya kazi baharini, ambacho yule mja alikitoboa. Musa aliona ni dhuluma. Baadaye alielezwa kwamba mbele yao alikuwapo mfalme aliyekuwa akipora kila chombo kizima, na kasoro ile ndiyo iliyowanusuru maskini wasinyang'anywe chombo chao. Makala hii itarejea kwenye chombo hicho, kwa sababu historia ya Misali inakifanana kwa namna isiyotarajiwa.

3.0 Nguzo Nne za Fikra

Mafundisho ya Kiislamu kuhusu maumbile, kama yalivyotumika Misali na kama yanavyofundishwa katika vyuo vya Qurani vya Pemba, yanaweza kupangwa katika dhana nne zinazotegemeana.

Ya kwanza ni tauhidi, yaani upweke wa Mungu. Kwa kuwa Muumba ni mmoja, viumbe vyote vina asili moja na mmiliki mmoja. Qurani inaeleza kwamba kila kitu humtakasa Mungu ingawa wanadamu hawaufahamu utakaso huo (17:44), na kwamba wanyama na ndege ni umma mfano wa wanadamu (6:38). Maumbile kwa mtazamo huu si kimya. Ni jamii ya waabuduo ambayo mwanadamu amejiunga nayo akiwa wa mwisho.

Ya pili ni ukhalifa. Mungu aliwaarifu Malaika kwamba ataweka khalifa katika ardhi (2:30). Dhana hii ndiyo inayoonekana kuunga mkono dai la White, kwani humpa mwanadamu cheo. Lakini ni lazima maana ya neno izingatiwe. Khalifa ni anayeshika nafasi kwa niaba. Madaraka yake ni ya kukaimu, na anayekaimu hutoa hesabu. Katika simulizi hiyohiyo ya Qurani, Malaika walihoji kama kiumbe huyo hatafanya ufisadi na kumwaga damu. Hivyo cheo cha mwanadamu kilitangazwa sambamba na shaka juu ya matendo yake.

Ya tatu ni amana. Qurani inasimulia kwamba amana ilitolewa kwa mbingu, ardhi na milima, vyote vikakataa kuibeba kwa hofu, mwanadamu akaibeba. Naye ni mwenye kudhulumu na mjinga (33:72). Katika maisha ya Waswahili, amana si dhana ya vitabuni. Kila mtu anajua maana ya kuwekewa fedha na jirani anayesafiri. Mwekewa huilinda, hurejesha kilekile alichopewa, na akikila huitwa mwenye hiana. Ni rahisi kwa mvuvi kuelewa kwamba mwamba wa matumbawe ni amana kuliko kuelewa kwamba ni mfumo wa kiikolojia, ingawa kauli zote mbili zinamtaka asiuvunje.

Ya nne ni mizani. Surat ar-Rahman inataja kwamba Mungu ameinua mbingu na kuweka mizani, kisha inakataza kudhulumu katika mizani hiyo. Neno lilelile linalotumika kwa mizani ya sokoni linatumika kwa mpangilio wa ulimwengu. Kinyume chake ni ufisadi, na hapa Kiswahili cha leo kinahitaji kukumbushwa. Katika matumizi ya sasa, ufisadi umefinywa ukabaki kumaanisha wizi wa fedha za umma. Katika Qurani neno hilo ni pana zaidi: Surat ar-Rum inaeleza kuwa ufisadi umedhihiri nchi kavu na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu (30:41). Bahari imetajwa kwa jina. Anayelipua mwamba kwa baruti, anayetia utupa katika madimbwi ya maji yaliyokupwa, na anayekokota juya juu ya matumbawe anaingia katika maana ya asili ya neno hilo.

Kwa kuziunganisha dhana hizi, tofauti kati ya fikra hizi na mipangilio ya White na Mbiti inaonekana. Mwanadamu si kilele ambacho vyote viko chini yake kwa ajili yake, wala si kitovu ambacho vyote hupata maana kwa kukirejelea. Yeye ni kiumbe miongoni mwa viumbe, aliyepewa dhima zaidi kuliko haki. Uhusiano wake na maumbile haukamiliki mpaka upitie kwa Mungu.

4.0 Mizimu na Mipaka ya Tauhidi

Maelezo hayo yangekuwa pungufu kama yangeishia kwenye maandiko. Pemba inajulikana kote katika pwani ya Afrika Mashariki kwa uganga, na sehemu kadhaa za maumbile yake zimehifadhiwa kwa karne nyingi si kwa aya bali kwa khofu na heshima ya mizimu. Katika Msitu wa Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, kuna sehemu ambazo wenyeji huzihusisha na pepo na ambazo haziingiliwi ovyo. Katika mapango ya Misali watu wamekuwa wakipeleka ubani na sadaka wakiomba samaki, afya au mtoto. Makaburi nayo mara nyingi huachiwa miti yake mikubwa isikatwe, na popo wa Pemba wamefaidika na desturi hiyo, kwani miti isiyosumbuliwa ndiyo wanayoichagua kulala mchana.

Mashekhe wengi hulaani matambiko ya mizimu kuwa ni shirki. Hoja yao ni nzito katika tauhidi: anayeliomba pango amekipa kiumbe haki ya Muumba. Hata hivyo, mwenye kuchunguza kwa haki ataona kwamba mzimu ulifanya kazi ambayo sheria ya maandishi mara nyingi imeshindwa kuifanya. Uliweka mipaka. Ulimfundisha mtu kwamba kuna mahali ambapo mkono wake haufiki, mti asiouruhusiwa kuukata, na saa asiyoruhusiwa kuingia.

Hatari inayojitokeza hapa ni ya kweli. Pale khofu ya mzimu inapoondolewa kwa jina la dini safi, na mahali pake pasiwekwe kitu, msitu hubaki bila mlinzi. Mti uliokuwa wa pepo huwa mti mtupu, na mti mtupu ni kuni. Mwelimishaji anayebomoa mzimu bila ya kujenga amana anaweza akawa ameitetea tauhidi kwa ulimi huku akiufungulia mlango ufisadi ambao Qurani imeukataza.

Kisa cha Nabii Hadhara kinatoa njia ya kati. Ndani yake, kisiwa kinapata heshima bila ya kuwa na pepo. Utakatifu wake hautokani na kiumbe anayeishi pangoni bali na mwelekeo wake kwa Mungu. Inawezekana ndiyo sababu kisa hicho kimekubalika kwa pande zote, kwa wazee wa mila na kwa waalimu wa madrasa pia. Kinahifadhi mpaka, lakini kinambadilisha mwenye kuuweka.

5.0 Hoja ya Riziki

Pingamizi kubwa la kidini dhidi ya uhifadhi halikutoka kwa wasioamini. Linatoka ndani ya imani yenyewe, nalo linastahili kujibiwa kwa heshima. Linasema hivi: riziki hutoka kwa Mungu. Samaki huletwa na Yeye na huondolewa na Yeye. Kusema kwamba samaki watakwisha kwa sababu ya mikono ya wavuvi ni kuushuku uwezo wa Mungu, na kufunga bahari ni kujaribu kumpangia.

Hoja hii si ujinga kama baadhi ya ripoti za miradi zilivyoelekea kuichukulia. Imejengwa juu ya msingi sahihi wa itikadi, na imekuwa nguzo ya subira kwa watu maskini katika siku ambazo dema hupandishwa tupu. Kasoro yake haimo katika kauli kwamba riziki ni ya Mungu bali katika hitimisho linalotolewa. Mafundisho yaleyale yanasema kwamba riziki ina njia zake, na kwamba mwanadamu huulizwa jinsi alivyozitumia njia hizo. Mkulima wa mpunga wa Pemba anaamini kwamba mvua na mavuno ni ya Mungu, lakini hali mbegu yote. Huweka sehemu ya kupandia msimu ujao, wala hakuna anayemwambia kwamba kwa kuweka mbegu ameutilia shaka ukarimu wa Mola wake. Samaki aliyeachwa azae ni mbegu ya bahari.

Zaidi ya hayo, israfu imekatazwa hata pale ambapo kitu ni kingi. Mtume alifundisha kutofuja maji ya udhu hata mtu akiwa kando ya mto unaotiririka. Mto hauwezi kuishiwa kwa udhu wa mtu mmoja. Kwa hiyo katazo hilo halikusimama juu ya hofu ya uhaba bali juu ya adabu ya mtumiaji mbele ya mwenye mali. Hapa ndipo fikra za kidini zinapokwenda mbali kuliko hoja ya kisayansi peke yake. Sayansi humwambia mvuvi asivue samaki wachanga kwa sababu watakwisha. Dini humwambia asiwavue hata kama hawatakwisha, kwa sababu si vyake.

Ikumbukwe pia kwamba si kila hasara ya bahari inatokana na mvuvi. Mwaka 1998, mwaka uleule Misali ilipotangazwa kuwa hifadhi, joto la bahari lilipanda kutokana na El Niño na kusababisha matumbawe kupauka na kufa katika sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi ya Magharibi. Mvuvi wa dago hakusababisha joto hilo. Aya inayozungumzia mikono ya watu inawahusu pia wale walio mbali sana na Pemba, na fundisho la amana likielekezwa kwa mwenye ngalawa peke yake huwa limepotoshwa.

6.0 Ukhalifa wa Nani? Hima, Haki na Bahari ya Wote

Katika miaka ya mwanzo ya 1990 kulikuwa na mpango wa kukikodisha kisiwa cha Misali kwa mwekezaji wa kigeni ili kujengwe hoteli. Wavuvi waliokuwa wakikitegemea walipinga, na mpango huo haukutekelezwa. Badala yake, mwaka 1998 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilikitangaza kisiwa pamoja na takribani kilomita za mraba 22 za bahari inayokizunguka kuwa eneo la hifadhi. Jumuiya ya wavuvi na wanavijiji ikaundwa kushiriki katika usimamizi, kwa msaada wa shirika la CARE. Sehemu ndogo ilifungwa kabisa. Sehemu kubwa iliyobaki iliendelea kuvuliwa kwa zana halali.

Kuanzia mwishoni mwa muongo huo, taasisi ya Kiislamu ya mazingira yenye makao yake Birmingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilishirikiana na wadau wa Pemba kuendesha mafunzo kwa wavuvi, maimamu na waalimu wa madrasa. Makatazo ambayo hapo awali yaliwafikia watu kama amri za idara yakaelezwa kwa lugha ya khutba: ukhalifa, amana, mizani. Taarifa zilizoandikwa baadaye zilieleza kwamba wapo wavuvi walioacha baruti, waliokuwa wakiikwepa amri ya serikali lakini wakaona hawawezi kuikwepa amri ya Mungu. Mfano wa Misali ukanukuliwa duniani kote kuwa ushahidi kwamba dini inaweza kufanikiwa pale ambapo doria inashindwa.

Sifa hiyo inastahili, lakini inahitaji kuchujwa. Kwanza, mafunzo ya dini hayakufanya kazi peke yake. Yalikuja pamoja na doria, kamati za wavuvi na matarajio ya mgao wa viingilio vya watalii. Pili, khutba haimfikii mvuvi anayetoka mbali asiyefungamana na kisiwa, wala haijazi sufuria la mwenye njaa. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, dini inapoazimwa kuwa chombo cha kutekeleza mipango iliyokwisha kuamuliwa, inaweza kugeuka kuwa njia rahisi ya kuwanyamazisha wanyonge.

Mapokeo ya Kiislamu yenyewe yana kinga dhidi ya hatari hiyo. Mtume aliweka hima, yaani eneo la malisho lililofungwa kwa maslahi ya umma, na akaondoa haki ya wenye nguvu kujiwekea hima kwa faida yao binafsi. Inapokewa kwamba Khalifa Umar alipomteua mlinzi wa hima, alimwagiza awaruhusu kuingia wenye mifugo michache na awazuie matajiri, akiwataja kwa majina masahaba wakubwa Ibn Auf na Ibn Affan. Sababu yake ilikuwa wazi: mifugo ya tajiri ikifa ana mashamba ya kurejea, lakini mifugo ya maskini ikifa hana pa kurejea isipokuwa kwa mtawala. Katika hima, swali la nani anaingia lilikuwa sehemu ya ibada ya kuhifadhi. Mtume pia alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Kwa kipimo hicho, bahari ni ya wote, na kuifunga kunaruhusika tu pale ambapo kunawalinda wote, na wa mwanzo kulindwa ni yule asiyekuwa na pengine pa kwenda.

Sasa chombo cha Surat al-Kahf kinaweza kurejewa. Maskini wa baharini walitobolewa chombo chao, na kwa macho ya Musa ile ilikuwa hasara tupu. Kufungwa kwa sehemu ya mwamba wa Misali nako ni tundu katika chombo cha mvuvi. Kila anayedai kwamba hakuna anayepoteza hasemi kweli. Lakini tundu lile lilihalalishwa na mambo mawili. Lilikuwa dogo kiasi cha kuzibika, na liliwaokoa wenye chombo dhidi ya mfalme. Kama mfalme hapa ni hoteli ambayo ingewafukuza wavuvi wote, au ni baruti ambayo ingeumaliza mwamba, basi tundu lina hoja. Ila kama baada ya kutobolewa chombo kinatwaliwa na mfalme mwingine, kwa leseni na kwa tiketi za watalii, kisa hakiwezi kutumiwa kuwafariji waliokipoteza.

Mwaka 2005 Misali iliingizwa katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba, eneo kubwa zaidi lililo chini ya idara ya serikali inayohusika na uvuvi. Hatua hiyo iliipanua hifadhi, lakini pia iliyaweka maamuzi mbali zaidi na dago. Katika muongo uliofuata, baadhi ya jamii za Pemba, ikiwemo Kisiwa Panza, zilijaribu njia nyingine: kuifunga miamba ya pweza kwa miezi michache kwa makubaliano yao wenyewe, kisha kuifungua kwa siku moja inayojulikana na wote. Mbinu hiyo iko karibu zaidi na hima. Anayefunga ndiye atakayevua, na anayevumilia ndiye atakayeona matunda ya uvumilivu wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba katika fikra za kidini za Pemba, uhusiano wa Mungu, maumbile na mwanadamu hauelezeki kwa picha ya ngazi ambayo mmoja yuko juu ya mwingine. Unaelezeka zaidi kwa picha ya amana, ambayo ina pande tatu: mwenye mali, mali na mwekewa. Upande mmoja ukiondolewa, zilizobaki hupoteza maana. Pasipo mwenye mali, mwekewa hugeuka mmiliki. Pasipo mwekewa anayeulizwa, mali huwa haina mlinzi. Na maumbile yakiharibika, mwekewa hana cha kurejesha.

Imeoneshwa vilevile kwamba lugha ya dini ina nguvu ya kubadili mwenendo pale inapotumika kwa uaminifu, na kwamba uaminifu huo hupimwa kwa haki. Khutba inayomkumbusha mvuvi kuhusu mizani lazima imkumbushe pia mwenye hoteli, mwenye leseni na mwenye kiwanda kilicho mbali. Ukhalifa haukugawiwa kwa wanyonge peke yao ili wabebe lawama.

Kwa watafiti watakaofuata, liko eneo ambalo linahitaji kazi zaidi, nalo ni fikra za wanawake wa Pemba wanaochokoa pweza na kombe wakati wa maji kupwa na kulima mwani, kwani mafunzo na maandishi mengi kuhusu Misali yamemlenga mvuvi mwanamume mwenye chombo. Wanawake hao hukanyaga mwamba kwa miguu kila bamvua. Ikiwa kisiwa ni msala, wao ni miongoni mwa wanaousogelea zaidi, na elimu yao juu ya namna ya kuukanyaga bila ya kuuchana bado haijaandikwa vya kutosha.